Kile Tulichokiita Chuma cha Bure

Vijana wangu, siku mliyoniaga pale gereji mlichinja mbuzi, mkanivalisha shuka, mkanipa na maiki. Nikasema asanteni, nikakaa. Baadhi yenu mlidhani nimeona haya, na yule mwenye mdomo kuliko wote akasema Fundi Amsi amezoea kuongea na injini tu. Sikuona haya. Nilikuwa na jambo la kuwaambia, ila halikuwa jambo la kusema mbele ya watu walioshika mifupa. Sasa niko nyumbani, mikono inatetemeka kidogo asubuhi, lakini kalamu haihitaji nguvu ya spana namba ishirini na nne. Nitaandika kama nilivyofanya kazi, polepole. Asiye na subira akanywe chai kwanza.

Nilianza kazi Karatu wakati barabara ya kutoka Makuyuni ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Nilitoka kwetu upande wa Mbulu na cheti cha darasa la saba, nikapokewa na Mzee Juma, Mrangi wa Kondoa, ambaye ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha yake kwenye injini inayonguruma na mpini wake niuegemeze sikioni, kisha nimwambie nasikia nini.

"Nasikia kelele," nikasema.

"Kelele ya nini?"

"Ya gari."

Akaninyang'anya bisibisi, akanipa ufagio. Nilifagia wiki mbili. Kila asubuhi alinirudishia ile bisibisi na swali lile lile, mpaka siku niliyomwambia kuna kitu kinasaga upande wa feni na kingine kinagonga chini kabisa, na kwamba si kitu kimoja. Aliitikia kwa kichwa tu, akaniita nije nishike tochi. Huko ndiko kuhitimu kwangu.

Mzee Juma alikuwa fundi wa sikio. Alisema mteja halijui gari, anaujua mlio. Ukimrudishia gari linanyamaza atakusifu mpaka kanisani, hata kama umelifunga kwa waya. Ukimrudishia gari zima lakini linagonga, kesho yuko kwa jirani yako. Alinifundisha mengine mengi ambayo mpaka leo ni ya kweli: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka magogo ya mkaratusi kwanza; usikaze nati ya tairi gari likiwa hewani ukaishia hapo; usimwamini dereva anayesema "lilianza lenyewe." Nilimpenda mzee yule. Nasema hivyo mapema kwa sababu mbele nitamtaja katika jambo baya, na sitaki mtu achukue jina lake akalitembeze.

Magari ya siku zile yalikuwa malori ya mahindi na magari makubwa ya watalii yanayopanda Ngorongoro, yale ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa. Yalitembea mwendo wa fisi aliyeshiba. Baadhi yake yalikuwa na chuma kimoja cha mviringo chini, kwa mbele, kinene kama kidole gumba, kimepinda huku na huku, kinachounganisha mguu wa tairi la kushoto na wa la kulia. Hicho ni stabilaiza. Kila ncha imeshikwa na kifundo kidogo tunachokiita linki. Kwa barabara zetu linki zilikuwa hazimalizi masika moja. Zikilegea zinagonga, ko ko ko, kila shimo, mpaka dereva anataka kulia.

Spea zilitoka Arusha, na Arusha ilikuwa mbali. Mzee Juma akawa na dawa yake: anatoa linki, anatoa na chuma chenyewe, anakitupa nyuma ya kibanda. Gari linanyamaza. "Hiki ni chuma cha bure," alikuwa akisema. "Wametuongezea uzito tu." Na katika mwendo ule, kwenye mashimo yale, alikuwa na haki yake. Hakuna mteja hata mmoja aliyerudi kulalamika. Tulikuwa tukivitumia vyuma vile kuchimbia mashimo ya nguzo, na nyumba yangu ya kwanza imezungushiwa uzio uliochimbiwa kwa chuma cha bure.

Kisha ikaja lami. Mnajua wenyewe ilivyotubadilisha. Mzee Juma alikuwa amerudi kwao Kondoa na akafia huko, na mimi nikarithi kona yake na bisibisi yake. Baada ya lami vikaja vigari vidogo kutoka Japani, kila mwalimu na kila muuguzi akawa na cha kwake. Vilikuwa chini mno kwa njia za kuingilia nyumbani kwetu, kwa hiyo wateja wakataka tuvinyanyue. Tukavinyanyua kwa spesa, yaani vipande vizito tunavyopachika juu ya springi ili gari lisimame juu zaidi. Linki zake zikigonga, tukatoa stabilaiza kama tulivyofundishwa. Likawa gari jepesi, lililonyanyuka, lisilo na kile chuma, linalokimbia kwenye lami yenye kona. Barabara ilishabadilika, magari yalishabadilika, na sisi tuliendelea na somo la wakati wa tope. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale. Nilipaswa kuuliza.

Mwalimu Tluway alifundisha hesabu shule ya msingi upande wa Rhotia. Nimemwomba ruhusa ya kumtaja na amenipa. Alikuwa mtu wa saa. Akikwambia saa mbili, mbili kasorobo yupo mlangoni anakuangalia kama umechelewa. Alikuwa na kigari cheupe nilichokinyanyua mwenyewe kwa spesa, na alikuwa na mke, Mama Veronika, mwimbaji wa kwaya, mwanamke wa utani. Ijumaa moja walikuja wote wawili.

"Fundi, gari inagonga mbele," Mwalimu akasema. "Mama Veronika anasema nikiongea hanisikii."

"Namsikia," mama akasema. "Ila nachagua."

Tulicheka sana. Nikaingia chini, nikatikisa, nikakuta linki zote mbili zimekwisha. Karatu nzima hazikuwepo za gari lile, ilikuwa mpaka Arusha. Na kesho yake, Jumamosi, walikuwa na harusi Mto wa Mbu, mama anaimba. Nikawaambia wasipate shida, nitakitoa chuma kile na gari litanyamaza.

Mwalimu alichuchumaa pembeni yangu, akakiangalia. "Waliokiweka, walikiweka cha nini?"

Ni swali la mwalimu wa hesabu. Nimelisikia kichwani mara nyingi kuliko jina langu. Siku ile nilimjibu bila kusimamisha spana: "Wajapani wana barabara zao, Mwalimu. Hapa kwetu hiki ni chuma cha bure."

Haikuchukua saa nzima. Nikalijaribu gari mpaka sokoni na kurudi, likawa kimya. Mama Veronika alipanda mbele, akafunga mkanda, akasema, "Asante fundi. Sasa nimekosa kisingizio." Wakaondoka.

Jumamosi jioni walikuwa wakirudi. Walishapanda mlima wa Manyara, wako kwenye kona za kukaribia Rhotia, akatokea punda mwenye madumu ya maji. Mwalimu alimkwepa, akarudisha stelingi upande wake, na gari likalala ubavu, likapinduka, likaingia mtaroni. Yeye alivunjika mfupa wa bega. Mama Veronika hakufika hospitali.

Jumapili nikaitwa kuliangalia gari, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nalitengeneza na kila mtu alijua. Palikuwa na askari wa barabarani, ndugu wa marehemu, majirani, na Veronika mwenyewe, binti yao wa pekee, ambaye wakati huo ndiyo kwanza ameajiriwa kuwa bibi shamba. Nilipima breki, zilikuwa nzima. Stelingi ilikuwa nzima, matairi yalikuwa mapya. Nilipiga magoti nikaangalia chini, nikayaona matundu ya bolti za stabilaiza yakiwa matupu, kama nilivyoyaacha Ijumaa. Macho yangu yalipita juu yake. Sikuficha kitu. Kwangu mimi pale palikuwa sawasawa, hapakosi kitu.

Veronika alinisogelea. Macho yalikuwa yamemvimba. "Kwa hiyo fundi, gari lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima, mwanangu."

"Basi ni mwendo."

Sikusema ndiyo wala hapana. Nilijifuta mikono. Mwalimu alikuwa amesema alikuwa kwenye hamsini, lakini watu walitazamana, kwa sababu gari zima halipinduki kwa hamsini. Na wote walimjua kuwa mtu wa saa. Wakasema harusi ilichelewa kuisha, akawa anaukimbiza muda wake, kama kawaida yake. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Walisema kwa huruma, na hiyo ndiyo inayokaa zaidi kwa mtu.

Baada ya matanga Veronika aliomba kituo cha mbali akapelekwa Digodigo, huko Sale, njia ya kwenda Loliondo. Hakumpigia baba yake simu. Alituma salamu kwa watu wengine wote wa ukoo. Mwalimu hakuendesha gari tena. Nilikuwa nikimwona Jumapili akirudi kanisani kwa miguu, anatembea mbali kabisa na lami, karibu na miba, amefunga koti vifungo vyote. "Habari za leo, Mwalimu." "Nzuri, fundi." Anapita. Miaka saba tulisalimiana hivyo, na mimi nilikuwa nikimhurumia. Nilimhurumia kama mtu aliyekosea.

Sasa nakuja kwa Nasieku. Wengi wenu mnamjua, yule dada wa Malambo anayeongoza watalii, anayekuja na shanga mkononi na maneno mengi mdomoni. Mchana anaendesha gari kubwa la kampuni, lakini kigari chake mwenyewe anakipenda kuliko ng'ombe, na kwa Mmasai hilo ni neno zito. Alikuja na boksi refu kutoka Arusha. Ndani mlikuwa na vyuma viwili. Kimoja ni stabilaiza, nene karibu mara moja na nusu ya ile ya kiwandani, pamoja na bushi zake ngumu, yaani raba za kuishikia, na linki mpya. Kingine ni chuma kilichonyooka chenye vikombe ncha zote mbili, cha kufunga ndani ya boneti kutoka kichwa cha shokapu ya kushoto mpaka ya kulia. Vijana wa Arusha wanakiita strati baa.

"Mzee, nifungie," akasema. "Na zile spesa zako ulizonifungia, toa."

"Wewe dada, hivi vyote ni vya nini? Unataka kwenda mashindano?"

"Nataka kufika Mto wa Mbu bila kumwaga chai."

Nikamwambia nimetumia maisha yangu kuvitoa vyuma hivi, yeye anataka kuviongeza. Akasema, "Basi Mungu amekupa nafasi ya kuvirudisha." Alikuwa anatania tu. Maelekezo ndani ya boksi yalikuwa ya Kijapani, kwa hiyo tulikuwa sawa, wote hatujui kusoma.

Nitawaambia nilivyofunga, kwa sababu mtakutana nayo. Strati baa ni rahisi. Unalishusha gari likae kwa uzito wake chini, hapo ndipo vichwa vya shokapu viko mahali pake. Ukiifunga gari likiwa kwenye jeki, ukilishusha unakuta umevuta mwili wa gari vibaya. Unafungua nati za juu za kila shokapu, unapachika kikombe, unarudisha nati, unakaza kidogo kidogo kwa kupokezana. Kabla ya kufunga boneti nilimwomba mama ntilie donge la unga wa chapati, nikalibandika juu ya chuma, nikashusha boneti taratibu nikaifungua tena. Donge lilibaki na unene wa kidole, maana yake boneti haitagusa. Mama ntilie hakulitaka tena donge lake.

Stabilaiza ilinila siku nzima. Ile ya zamani nilishaitoa mwenyewe, kwa hiyo palikuwa wazi, lakini ili nene ipite ilibidi niishushe kidogo fremu ya chini inayoshika injini, nimeishikilia kwa jeki na magogo. Bushi nilizipaka grisi. Linki sikuzikaza mwisho mpaka matairi yako chini. Jioni nikajifuta, nikamwambia Nasieku aendeshe yeye, mimi nikae pembeni nisikilize.

Nilikuwa nimejiandaa kusikiliza. Ndiyo kazi niliyofundishwa. Tulipita Rhotia, tukashuka kuelekea Manyara, gari liko kimya, nikaridhika. Tukaingia kwenye kona. Mimi kona zile nazijua kwa mwili. Miaka yote nikiingia pale napandisha bega la kushoto juu, nashika mpini wa mlango, gari linalalia upande mmoja kisha linarudi kwa uvivu. Safari hii nilishika mpini na hakuna kilichotokea. Gari lilikata kona limekaa. Tumbo langu lilibaki mahali pake.

"Mzee, umeona?" Nasieku akasema. "Halilali."

Nikaangalia mshale wa mwendo. Ulikuwa kwenye hamsini. Na mbele yetu, kushoto, palikuwa na ule mtaro alimoingia Mwalimu.

"Geuza," nikamwambia. "Pita tena hapa."

"Kuna mlio?"

"Geuza, mwanangu."

Alipita tena, na mara ya tatu nikamwomba ayumbishe stelingi kidogo, kama anayekwepa kitu, barabara ikiwa tupu. Alinitazama, akafanya. Gari lilienda lilikoelekezwa, likarudi, likatulia. Nikamwambia asimamishe. Alisimamisha pale juu wanapouzia watalii vinyago, akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, kichwa. Nilikaa kwenye jiwe nikawaangalia nyani.

Kesho yake nilienda peke yangu na kigari changu, ambacho nacho nilishakitoa chuma na kukinyanyua. Nilipofika thelathini na tano kwenye kona ile ile nilikuwa nimeshakaza mikono. Arobaini nilijaribu kuyumbisha kidogo, likalala mpaka nikasikia tairi la ndani ya kona likiachia lami, nikaacha hapo hapo. Hamsini sikuthubutu. Nilirudi gereji nikakaa kwenye gari bila kushuka.

Mnaelewa sasa. Gari likiingia kona, uzito wote unakimbilia upande wa nje, na mguu wa nje unajikunja. Chuma kile kinajisokota, kinaushirikisha mguu wa ndani, kinauzuia wa nje usijikunje mno. Ndiyo kazi yake. Waliokiweka walikiweka kwa ajili ya hilo. Kwenye tope, mwendo wa fisi, hakuna kona ya kukata, ndiyo maana Mzee Juma hakuwahi kuona kazi yake, na mimi simlaumu. Lakini mimi nilikuwa na lami miaka yote hiyo. Mnakumbuka asubuhi ile nilipopiga marufuku kutoa stabilaiza, nikawaambia atakayetoa aondoke nayo? Mlinuna, mkasema mzee amezeeka. Mnakumbuka nilivyoanza kuwafuata wateja wa zamani nyumbani kwao niwarudishie? Mlidhani natafuta kazi. Sasa mnajua.

Kwa Mwalimu sikwenda. Niliogopa, niseme wazi. Nilijipa sababu zote: mama hatafufuka, nitatonesha kidonda, punda ndiye aliyesababisha, na huenda gari lingepinduka hata hivyo. Hilo la mwisho ni kweli, siwezi kuapa kwamba chuma kile kingemwokoa mtu. Lakini nilisema gari lilikuwa zima, na halikuwa zima. Hata niligeuze vipi, hapo palikuwa hapageuki. Jumapili mbili nilimwona akipita kando ya miba, na Jumapili ya tatu nilikuwa namngoja nje ya kanisa. Mficha uchi hazai, ndivyo tunavyosema, na mimi nilishauficha vya kutosha.

Tulikwenda kwake. Alinipikia chai mwenyewe, chai ya mtu anayeishi peke yake, sufuria dogo. Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, na nilipofika kwenye swali lake, waliokiweka walikiweka cha nini, nikamjibu, miaka saba baadaye. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo.

"Nilikuwa hamsini," akasema.

"Najua, Mwalimu."

"Nilijua nilikuwa hamsini. Niliuangalia mshale. Halafu wewe ukasema gari zima, kila mtu akaniangalia, na mimi nikaanza kutojua. Nikawa najiambia labda sitini, labda sabini." Akaitazama chai. "Kumbe miaka saba naomba msamaha wa kosa lako."

Nilisema nisamehe. Nililia, sioni aibu kuandika hivyo. Hakunigusa na hakunifukuza. Akaweka kikombe chini.

"Mimi usiniombe leo. Mimi nilikuwemo ndani ya gari. Nenda kamwambie uliyemwambia gari lilikuwa zima."

Siku tatu baadaye nilishuka Mto wa Mbu alfajiri, nikapanda gari la Loliondo. Sitawaelezea njia ile; wenye migongo wanaijua. Nilifika Digodigo jioni nikalala kwa mtu wa kanisa, asubuhi nikaelekezwa mashambani. Veronika alikuwa mferejini na wakulima, amevaa buti, anawaonyesha zamu ya maji. Alinitambua kabla sijasalimia. Uso ulimbadilika.

"Shikamoo, fundi. Baba amekufa?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Baba yako mzima."

Akashusha pumzi, kisha akakaza uso tena. Nikamwomba tukae pembeni. Nilimweleza vile vile nilivyomweleza baba yake, nikachora na kijiti kwenye udongo mbichi: mguu wa kushoto, mguu wa kulia, na chuma katikati. Nikakifuta kile chuma kwa kidole, nikamwonyesha gari linavyolala. Alikuwa akitazama mchoro, hanitazami mimi.

"Siku ile ulijua?"

"Sikujua. Lakini nilikujibu kama ninayejua."

"Mimi nilikuamini wewe," akasema. "Yeye aliniambia hamsini. Alikuwa amelala hospitali, ananiambia Vero nilikuwa hamsini, na mimi nikamwambia fundi amesema gari lilikuwa zima." Akaokota kile kijiti. "Nikamwambia asiniongopee wakati mama hata hajazikwa."

Wakulima walikuwa wamesimama na majembe yao, wanajifanya hawaangalii. Maji yalikuwa yamejaa kwenye shamba la mtu mmoja, na mzee mmoja akamwita, "Bibi shamba, tufunge?" Hakusikia. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye sketi, akaanza kupanda kilima kilicho nyuma ya mashamba. Nilimfuata kwa mbali, nisijue kama ananihitaji au ananikimbia. Kule juu ndiko mtandao unakoshika. Alitoa simu, akaitazama sana. Namba hakuitafuta, aliibonyeza kutoka kichwani, tarakimu zote.

Iliita mara nyingi. Nilikuwa hatua chache chini yake, nikasikia upande wa pili ukipokelewa, na sauti ya Mwalimu ikisema haloo, haloo, nani mwenzangu. Veronika alifumba macho. Alimwambia kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, polepole, kama mtoto aliyerudi kutoka shule akamkuta baba yake mlangoni:

"Baba, umekula?"